Maji ya chupa mwanzo mwisho, bado tumbo likanigeuka Chennai. Nilikosea wapi?

#1 MwanaChuda
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa kwanza nilimpeleka bi mkubwa, mama yangu, Chennai kupasuliwa moyo. Kabla hatujaondoka, kila aliyekuja kutuaga hapa mtaani alinipa usia uleule: usinywe maji ya bomba India. Nikaushika usia. Nilikunywa maji ya chupa, nikasukutulia ya chupa, hata mswaki nikausuuzia ya chupa. Kijana wa usafi pale nyumba ya wageni alikuwa akiniona na chupa yangu kwenye sinki anainamisha uso kucheka.

Usiku wa kuamkia siku ya nne, kama saa nane, tumbo likaanza kukata. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimekwenda chooni mara 11. Nina hakika na hesabu kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa vigae vya ukutani, kila safari nasogea kigae kimoja. Homa hakuna, damu hakuna, maji matupu. Siku tatu niko chali, na bi mkubwa mwenyewe, anayesubiri kisu, ndiye ananikorogea uji. Mgonjwa anamuuguza aliyekuja kumuuguza.

Kinachoniuma ni hiki: mimi mtu wa Tanga. Nala mihogo ya barabarani na kachumbari yake, pweza wa jioni nala, juisi ya ukwaju inayochotwa kwenye ndoo nanywa, na sikumbuki lini tumbo lilinilaza. Mwezi ujao tunarudi kliniki. Nilikosea wapi?

#2 Kibibi_wa_Donge
Pole kaka. Ila hapo kwenye vigae nimecheka hadi mtoto ameamka. Kigae cha 12 kilinusurika vipi?

#3 Babu_Ngamiani
Hiyo ni kubadili maji, mwanangu, haina jina jingine. Nimekaa melini miaka 17. Sisi tukifika bandari ngeni hatunywi maji ya mji siku ya kwanza. Chai ya rangi tu, ya moto. Siku ya pili unachanganya maji ya melini na ya mji nusu kwa nusu, siku ya tatu unakunywa kama wenyeji. Kila mji maji yake yana chumvi yake. Tumbo halipendi mgeni asiyepiga hodi.

#4 Nesi_Makorora
Shikamoo babu. Chai ya moto nakubaliana nawe, ila iliwaponya kwa sababu nyingine: maji yakishatokota dakika moja, vijidudu vya kuharisha vimekufa. Chumvi za maji mageni zaweza kulegeza choo kidogo, ni kweli. Lakini mara 11 kabla ya adhuhuri? Hapana babu, hao ni wadudu.

Kinara wa kuharisha kwa wasafiri ni bakteria aitwaye E. coli, aina ile inayotoa sumu. Na wewe unao E. coli tumboni hivi sasa unaposoma, ila wako mmezoeana. Wa Chennai hamjuani. Kinga uliyoipata mtaani kwenu Chuda, Tanga, ni ya wadudu wa Chuda.

Mleta uzi, ya maji tumeyasikia. Sasa taja kila kilichoingia mdomoni siku mbili tatu kabla ya usiku ule. Hata cha kuonja.

#5 MwanaChuda
Dada nesi, asubuhi zote idli, vile vitumbua vyao vya mvuke, na mchuzi wa sambar, vya moto. Mchana wali. Siku ya pili jioni nilitoka kupunga upepo Marina Beach, nikala embe bichi la kukatwa, la pilipili na chumvi, kama letu tu. Siku ya tatu jua lilikuwa kali, nikapiga glasi mbili za juisi ya miwa, ya limau na tangawizi, imekamuliwa mbele ya macho yangu.

#6 Bandarini_Mzigo
Ya baridi au ya moto?

#7 MwanaChuda
Ya baridi. Ilikuwa na barafu.

#8 Bandarini_Mzigo
Funga uzi! Barafu ni maji ya bomba yaliyovaa koti. Umelikwepa mlangoni, ukalipokea dirishani na mrija juu.

#9 Kibibi_wa_Donge
Ngoja kwanza, mimi nilidhani baridi inaua wadudu. Si ndiyo maana tuna friji?

#10 Nesi_Makorora
Inawalaza tu, Kibibi. Ikiyeyuka wanaamka na njaa yao.

Lakini Bandarini usifunge uzi bado. Na embe je? Kisu kilichokata, ndoo iliyosuuza kisu, mkono uliopaka pilipili. Embe lile angelimenya mwenyewe kwa mikono safi lisingekuwa na neno.

#11 Mgeni_Muscat
Naomba niwageuzie kibao. Mimi ni mtoto wa Ngamiani hasa, mwaka wa 12 sasa niko Oman. Huku nala mishkaki ya barabarani, samaki, kila kitu, salama. Nikija TANGA kwa sikukuu ndipo naugua. Mara ya mwisho, siku ya pili tu, pweza na ile supu yake ya kikombe, nikaishia kwenye dripu. Mama hakunisemesha nusu siku. Aliona kama nimetangaza mtaani kwamba chakula cha kwao kichafu, na majirani wakaja kuniona huku wananong'ona eti mwenzetu kawa Mwarabu.

Kwa hiyo huyu anayesema yeye ni mtu wa Tanga hivyo ana tumbo la chuma, mimi nilikuwa na chuma hichohicho. Kimeingia kutu. Kinga ni kama uenyeji, usipohudhuria unafutwa.

#12 Nesi_Makorora
#11 umesema vizuri kuliko kitabu. Kwa wanaokwenda nchi zenye hatari kubwa, wataalamu hutaja kuwa watu kati ya 30 na 70 katika kila 100 huharisha ndani ya wiki mbili za safari. Lakini hesabu hizo zimechukuliwa zaidi kwa Wazungu. Mtu wa kutoka Tanga kwenda Chennai anaingia wapi humo? Nadhani chini kidogo, ila hiyo ni nadhani ya nesi wa zamu ya usiku.

#13 Bandarini_Mzigo
Basi sikilizeni ya Guangzhou. Nilikwenda kipindi cha maonyesho ya Canton mwezi wa kumi. Nikafikia Xiaobei, kule kwa Waafrika wengi, nala wali na kuku kwa Wasenegali, nina amani. Siku mwenye kiwanda aliponialika chakula cha jioni sikuweza kukataa, mzigo bado hatujapatana bei. Kuna vitu vile vya kombe, vimechemshwa kidogo tu. Usiku nikatapika mpaka nikaona nyongo.

Asubuhi nikaingia duka la dawa, kiingereza hakuna, nikashika tumbo nikafanya ishara ambayo sitaieleza hapa. Dada akacheka, akanipa pakiti za unga wa kijivujivu, ukoroge na maji unywe. Tumbo likatulia siku ya pili. Nikampigia picha karatasi yake mdogo wangu aliye chuo cha famasia. Akaniambia: kaka, huo ni udongo. Udongo kabisa! Unasafishwa, unasagwa.

#14 Kibibi_wa_Donge
Yaani umepanda ndege kwenda China kununua udongo? Wajawazito wa Ngamiani wanatafuna pemba kwa shilingi mia.

#15 Nesi_Makorora
Mdogo wako kasema kweli, unaitwa montmorilonaiti, dawa ya kawaida sana kule. Inafunika ukuta wa utumbo na kunasa maji. Ila hainasi wadudu peke yao, inanasa na vidonge vyako vingine, kwa hiyo viache saa mbili kati yake. Na Kibibi, usije ukampa mtu pemba ya sokoni kwa kusoma #14. Ile haijasafishwa, inaweza kuwa na mayai ya minyoo.

#16 Jembe_Mabawa
Mnazunguka sana. Mimi nasafiri na vitu vitatu: flajili, vidonge vya kufunga tumbo, na akili. Tumbo likianza, flajili mbili, kidonge cha kufunga, kazi imeisha. Na kama pakiti za chumvichumvi hakuna unatengeneza mwenyewe: maji lita moja, chumvi vijiko sita, sukari nusu kijiko. Mmemaliza.

#17 Nesi_Makorora
HAPANA HAPANA HAPANA. Jembe, futa hilo bandiko. Umegeuza! Sukari vijiko SITA vya chai, chumvi NUSU kijiko cha chai, vyote vya kupigwa msawazo, visifanye kilima, kwenye lita moja ya maji safi. Hiyo yako ni maji ya bahari. Mtoto akinywa hiyo unaweza kumuua.

#18 Jembe_Mabawa
Nilikosea kuandika dada, yaishe. Wakuu, fuateni ya nesi.

#19 Kibibi_wa_Donge
Ile "akili" ulioitaja kwenye vitu vitatu, uliisahau kwenye begi gani?

#20 Nesi_Makorora
Sitaki kumcheka, wengi hugeuza hivyo. Shikeni sababu mtakumbuka: sukari ndiyo inayoishika chumvi mkono kupita ukuta wa utumbo, na maji yanafuata nyuma yao. Chumvi pekee haina wa kuipitisha. Chumvi nyingi ndiyo mbaya zaidi, inayanyonya maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni.

Flajili nayo. Inafaa kwa amiba na jiadia. Kwa E. coli haifanyi kitu, na E. coli ndio wengi. Wanaosema "flajili ilinisaidia" wengi wangepona siku hiyohiyo kwa uji. Vidonge vya kufunga tumbo kwa mtu mzima havina ubaya ukiwa na basi la saa sita mbele yako, lakini ukiona damu au homa kali, viache. Hapo mwili unatoa kitu, wewe unakifungia ndani. Watoto wadogo wasipewe kabisa. Antibayotiki ni za hali nzito, na kwa India madaktari wengi huanzia azithromaisini kwa sababu sipro imeshazoeleka na wadudu wa kule.

#21 Mwalimu_Pangani
Kwa faida ya wasomaji, maji hayo ya chumvi na sukari yalipata jina mwaka 1971, kambi ya wakimbizi ya Bongaon, mpakani mwa India na iliyokuwa Pakistani ya Mashariki. Kipindupindu kimeingia, dripu zimekwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kukoroga chumvi na glukosi kwenye mapipa ya maji, ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanywesha. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Watu wasio na elimu ya udaktari, kikombe mkononi.

#22 Babu_Ngamiani
Mwalimu umenikumbusha mbali. Lakini kabla ya huyo daktari sisi pwani tulikuwa na dafu. Mtu akiharisha unampa dafu. Mbona hamlitaji? Au kwa vile halina nembo?

#23 Nesi_Makorora
Babu nalitaja kwa heshima zote. Dafu ni safi likiwa bado ndani ya kifuu, na lina potasiamu nyingi, ambayo kuharisha huipoteza. Kasoro yake ni chumvi, lina kidogo mno. Kwa hiyo dafu na kipande cha muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi, hapo babu umeshinda. Chennai nako madafu yamejaa barabarani, mleta uzi ungekunywa hayo badala ya miwa yako ya barafu. Omba wakutobolee tu, mrija uwe wako.

#24 UmmuSwabra
Assalaam aleykum. Nina la mama yangu, msimu wa hija. Mama ana sukari na presha. Siku za Mina tumbo likamshika, wenzake hemani wanamwambia vumilia ni ibada, naye anavumilia huku anaendelea kumeza vidonge vyote kama kawaida, hata kile cha presha cha kukojoza. Anaharisha, anakojozwa, jua la kule mnalijua. Akaanguka. Walipompima, figo zilikuwa zimeanza kulalamika. Alhamdulillah alipona, akamaliza hija yake akisukumwa kwenye kiti.

Daktari aliyempokea aliuliza jambo moja: hakuna aliyewaambia kabla ya safari kuwa siku ya kuharisha baadhi ya vidonge vinasimamishwa? Hatukuambiwa. Nawaomba wenye wazazi wakaulize kwa daktari wao, kidonge gani na siku ngapi, waandikiwe kwenye karatasi. Msijisimamishie wenyewe.

#25 Nesi_Makorora
Ahsante Ummu, hili lingekuwa bandiko la kwanza. Cha presha cha kukojoza na metfomini ya sukari ni vya kuuliza mapema. Na MwanaChuda, bi mkubwa wa moyo ni huyohuyo wa kuulizia.

#26 Mwalimu_Pangani
Mkitaja hija, yule mdudu wa kipindupindu aitwaye El Tor jina lake ni la kituo cha karantini cha mahujaji pale Sinai. Alipatikana hapo mwaka 1905 kwa mahujaji waliokuwa wakirejea. Ndiye anayetuzungukia dunia tangu 1961.

#27 Kibibi_wa_Donge
Mwalimu, kwako hata choo kina historia.

#28 Fundi_Saa_Barabara_ya_5
Mimi nawatisha kidogo. Kaka yangu alikwenda Istanbul kuchukua nguo. Siku ya sita homa, kutapika, kuharisha. Wenzake: chakula. Kliniki aliyokwenda: chakula. Wakampa dripu, akarudi hotelini. Siku mbili anazidi kuwaka, macho yanageuka manjano, ndipo muuzaji mmoja Mkongo akamuuliza, ndugu, umepimwa malaria? Hakupimwa. Hakuna aliyewaza. Alikuwa nayo, ameibeba kutoka hapa hapa, alikaa siku tano wodi ya uangalizi. Kule daktari kijana anaweza kumaliza masomo hajaona mgonjwa wa malaria kwa macho yake.

#29 Nesi_Makorora
Fundi, pole na ahsante. China nayo ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria tangu 2021. Ukiwa na homa ugenini, neno la kwanza mdomoni liwe "natoka Tanga, kwetu kuna malaria, nipimeni damu". Hata kama unaharisha. Hasa kama unaharisha.

#30 MwanaChuda
Wakuu mmenipa mengi. Sasa niseme na lingine, nilikuwa naona haya. Tulibeba jodari wa kukaanga kutoka nyumbani. Shangazi alimkaanga mkavu, akamfunga kwenye gazeti, akatia kwenye kopo. Nilimla siku ya kwanza, ya pili, na kipande cha mwisho siku ya tatu usiku. Bi mkubwa hakuonja, alikatazwa chumvi. Embe hakula. Miwa hakunywa.

#31 Bandarini_Mzigo
Mabandiko 30 tunaisema India ya watu!

#32 Kibibi_wa_Donge
Jamani jodari kasafiri na pasipoti ya shangazi.

#33 Babu_Ngamiani
Usimtie shangazi yako mashakani. Samaki mkavu wa kukaanga tulikuwa tunakula wiki nzima melini.

#34 Nesi_Makorora
Babu, melini upepo. Yeye alimfungia kwenye kopo, joto la Chennai, siku tatu.

Lakini tumtendee haki jodari. Jodari aliyeanza kuharibika kabla ya kukaangwa sumu yake inakuja upesi, ndani ya saa moja hivi: uso unaiva mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, na kukaanga hakuiondoi. Mleta uzi hakutaja hayo. Samaki aliyeshikwashikwa na kuachwa kwenye joto hutapisha ndani ya saa moja hadi sita, na mara nyingi ndani ya siku moja umepona. Wewe siku tatu, tena bila kutapika. Ulikula saa ngapi usiku ule?

#35 MwanaChuda
Saa tatu. Tumbo saa nane.

#36 Nesi_Makorora
Saa tano kati yake. Inaingia, haiingii. Embe la siku mbili kabla linaingia. Miwa ya jana yake inaingia.

#37 Mgeni_Muscat
Na mikono je? Huyu alikuwa hospitali kutwa, anashika vishikio vya milango, lifti, anasukuma kiti cha mgonjwa, halafu anakula idli kwa mkono. Najua atasema alikuwa na kile kichupa cha spiriti.

#38 MwanaChuda
Nilikuwa nacho, kweli.

#39 Nesi_Makorora
Virusi vya noro, spiriti haivisumbui sana, vinataka sabuni na maji yanayotiririka. Ila noro kwa kawaida hutapisha. Mgeni, umeniongezea mshukiwa mwingine na zamu inaanza. Na niwe mkweli: wasafiri waliochunguzwa, wale waangalifu sana hawakupishana sana na wazembe kwa kuugua. Jikoni kwa mwenzio huwezi kuingia ukamnawisha mpishi.

#40 Jembe_Mabawa
Kwa hiyo hata nikibeba akili haisaidii.

#41 MwanaChuda
Nimemsomea bi mkubwa uzi wote, amevaa miwani anafuatilia mpaka #39. Yeye anasema si miwa, si embe, wala si jodari wa wifi yake. Anasema siku ile ya tatu mchana ndiyo walinipa karatasi ya kuweka saini ili apasuliwe. Niliisoma mara tatu pale kwenye benchi, sikula cha jioni zaidi ya kile kipande cha samaki, na usiku alinisikia nageuka kitandani kabla tumbo halijaanza. "Mwanangu aliharisha hofu," ndivyo alivyosema, tena mbele ya wageni.

Sikumjibu. Saini niliweka kweli siku ile.

#42 UmmuSwabra
Mama hapotezi. Mwambie tunamuombea.

#43 Nesi_Makorora
Hofu inakimbiza tumbo, naikubali. Siku tatu za maji matupu siikubali. Lakini sibishani na bi mkubwa. Pakiti za chumvichumvi beba kumi, sabuni kipande, na karatasi ya vidonge vyake.

#44 Bandarini_Mzigo
Na jodari uache.

#45 MwanaChuda
Hapo pagumu. Daktari amemlegezea chumvi kidogo, na shangazi ameshaagizwa. Safari hii ni wa bi mkubwa, amesema mimi nisiguse.

#46 Kibibi_wa_Donge
Ukifika tutumie picha ya vigae.